Binti Aliyegusa Banio la Mfereji

Kabla hujaituma hii kwenye kundi la familia, isome yote. Na wewe mjomba unayependa kusema "wanawake ndivyo walivyoumbwa", usiruke hata mstari mmoja.

Palikuwa na Mangi mmoja, yaani mtawala, huko milimani, nchi ya migomba na mifereji. Sheria yake ilikuwa ngumu: mwanamke asiguse banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini. Alisema mwanamke kaumbwa na woga, na maji yanataka moyo mtulivu. Mwanamume, eti, huzaliwa anayajua.

Msimamizi wa mfereji alipofariki, Mangi akamweka mwanawe mwenyewe, Kirita, mahali pake. Marehemu aliacha mke na binti, Manka, ambaye baba yake alikuwa akimfundisha kazi ile kwa siri.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Mchana wa siku ya nne mto ukafurika, ukingo wa mfereji ukaanza kumeguka, na bondeni kuna nyumba arobaini zenye watoto ndani. Watu wakakimbilia banioni. Kirita kasimama pale, hajui aanzie wapi.

"Niachieni, niyageuzie korongoni!" Manka akapaza sauti.

"Ukikanyaga hapo," Mangi akafoka, "wewe na mama yako mnahama nchi hii leo hii!"

Manka akamtazama mama yake. Machozi yalikuwa yanamtoka mama.

"Nenda, mwanangu. Tutahama."

Binti akaingia, maji yakamfika kiunoni. Akang'oa jiwe la kwanza lililoziba njia ya korongoni. La pili likagoma. Ukingo ukameguka tena, watu wakapiga mayowe, yeye hakugeuka hata kidogo. Jiwe likatoka! Maji yakaporomokea korongoni kwa kishindo, na nyumba zote zikapona.

Mangi akashusha pumzi. "Hamtahama. Wewe si mwanamke, una moyo wa kiume."

"Hapana, Mangi. Mimi ni mwanamke. Baba alinifundisha, basi."

Mangi akamgeukia Kirita, hasira zimempanda. "Na wewe, mwanamume mzima, umenitia aibu mbele ya watu!"

Kirita akaangua kilio. "Baba, mimi nani alinifundisha? Ulisema nimezaliwa najua!"

Mangi akamwambia Manka kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kesho anza kumfundisha Kirita. Na dada zake pia."

Funzo: Akili Mungu kawapa wote. Ukimwambia binti kaumbwa dhaifu, umemnyima elimu; ukimwambia kijana wa kiume kaumbwa anajua, umemnyima vilevile. Tunayaita maumbile yale tuliyowalea nayo wenyewe.