Mtamba wa Mzee Mligo na Vioo Vyenye Namba Mbili

Kaeni mkao wa kula, lakini msitegemee mfalme wala sungura. Leo nina gari, nina ng'ombe mtamba mwenye mimba, na nina watu wanne ambao siwapendi hata kidogo. Nitawasimulia kwa haki. Kutabasamu ndiko nisikoweza.

Watatu kati yao walikuwa na vipaji vya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Danstan Mgaya alikuwa mtafuta spea: ukimtajia kifaa cha gari lolote, hata lile lililoacha kutengenezwa zamani, atakuletea kabla hujamaliza kumweleza rangi. Edina Kilasi alikuwa fundi umeme wa magari: nyaya arobaini zilizosongamana ndani ya mlango alizijua mojamoja kama mama anavyojua watoto wake. Zakayo Mwalongo alikuwa fundi wa bodi: alitoboa bampa la plastiki bila kuacha ufa, na ukipitisha kiganja hutajua palipoguswa.

Wa nne ni Onesmo Mligo, mfanyabiashara wa parachichi pale Njombe. Kipaji chake kilikuwa kununua.

Mzee Mligo alikuwa na gari jeusi, kubwa, la juu, lenye kila kitu isipokuwa dereva mwenye adabu. Shingo yake ilikuwa nzima, ila kugeuza kichwa na kuangalia ubavuni aliona ni kazi ya madereva wa malori. Alikwisha kugonga matoroli mawili ya viazi, na mara zote mbili aliwafokea wenye matoroli. Kisha akaliona gari la jirani yake. Vioo vya pembeni vinajikunja kwa kitufe, na chochote kikijibanza pale ubavuni nyuma, mahali dereva asipoona, taa ndogo inawaka ndani ya kioo na gari linalia. Wivu ukamkosesha raha. Akawaita wale watatu.

"Nataka langu liwe hivyo," alisema. "Liniangalizie."

Danstan alisafiri siku moja akarudi na vioo viwili. Vilikuwa na mota ya kujikunja, vilikuwa na taa ndani, na vilikaa mlangoni kana kwamba vilizaliwa hapo. Lakini mnajua desturi yetu: mwenye gari huchonga namba ya gari lake kwenye kioo ili mwizi akose pa kukiuza. Chini ya kila kioo palikuwa na namba ya gari la mtu mwingine, imesuguliwa kwa msasa, haikuisha. Danstan aliisoma. Akanyamaza.

Edina alifungua milango, akapitisha nyaya mpya, akaunganisha kitufe. Mara ya kwanza kioo cha kushoto kilijikunja na cha kulia kikagoma. Hakulalamika, alifumua kila kitu akaanza upya, na siku ya pili vikajikunja vyote kwa pamoja, kimya kimya. Alifanya kazi ile akiwa na kioo karibu na pua yake. Namba aliiona. Naye akanyamaza.

Zakayo alifunga sensa mbili, yale macho ya kuhisi kilicho ubavuni, nyuma ya bampa, moja kila upande. Kazi hiyo si mchezo: ikiinama kidogo itaona nyasi, ikiinuka kidogo itaona mawingu. Alipima kwa kamba, akapima tena, zikakaa sawasawa. Mzee Mligo akaja kukagua.

"Sasa vipigilie misumari ya ribiti hivyo vioo, wasiviibe."

"Mzee, tukivipigilia havitajikunja."

"Basi nichongee namba yangu."

Zakayo akachonga, juu kidogo ya ile ya zamani. Mzee Mligo akainama. "Haya maandishi ya chini ni ya nini?"

"Ya kiwandani, Mzee."

Mzee Mligo alikubali kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi.

Haikupita wiki, asubuhi moja binti yake, Salome, akafika getini amembeba mtoto wake wa miaka miwili, Ezra.

"Baba, mtoto anawaka moto. Tupeleke hospitali."

"Hiyo begani kwako ni nini?"

"Ametapika."

"Viti ni vya ngozi, mwanangu. Panda bodaboda, utafika haraka zaidi."

Salome hakubishana. Alitoka kutafuta bodaboda, na baba yake akalipangusa gari vumbi, akaondoka kwa barabara hiyo hiyo kwenda kwenye kikao cha harusi, ambako alijua wataliona likiegeshwa.

Kwenye daraja jembamba, lori la mbao lilitokea mbele. Mzee Mligo akaanza kusogea kushoto bila kuangalia, kama kawaida yake. Taa ikawaka kwenye kioo, gari likalia. Kelele zikamkera, akakanyaga breki. Pikipiki ilikuwa tayari imebanwa kati ya gari lake na ukingo wa daraja, na mpini wake unakwenda moja kwa moja kwenye kioo. Akabonyeza kitufe kioo kisije kikakwaruzwa. Kioo kikajikunja, mpini ukapita, na pikipiki ikatokea mbele salama. Nyuma ya dereva aliketi Salome, Ezra kifuani.

Hapo Mzee Mligo alilia, nisimdhulumu. Alishuka akashika ukingo wa daraja akalia mbele ya dereva wa lori. Mtoto alitibiwa, akapona. Na Mzee Mligo akatangaza kwamba mtamba wake wa maziwa, mwenye mimba ya miezi saba, atakuwa wa mtu mmoja tu: yule aliyemwokoa mjukuu wake.

Siku ya kumkabidhi mtamba, wale wenye vipaji wote watatu walikuwa uani kabla ya chai.

"Bila vioo vyangu mngefunga nini?" alisema Danstan.

"Vioo bila umeme ni vya kuchania nywele," alisema Edina.

"Na bila sensa zangu hiyo taa ingewashwa na nani?" alisema Zakayo.

Mzee Mligo akakohoa. "Hata mimi, tusisahau, ndimi niliyebonyeza."

Walikuwa wamemwita daktari wa mifugo, Hosiana Sanga, aje ampime mtamba kabla hajabadili mmiliki. Alikuja kwa bodaboda, mkono wa kushoto umefungwa hogo la plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kanga. Alipopita kando ya gari alisimama. Akainama kwenye kioo, akasoma namba ya chini kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Hii ni namba ya gari langu," alisema. "Vioo vyangu viliibwa. Nikafunga kioo cha kujipodolea kwa mpira wa tyubu, maana ng'ombe wa watu hawawezi kusubiri. Lori lililokuwa linanipita sikuliona. Ndiyo huu mkono."

Wale watatu, waliokuwa wakidai kila msumari, ghafla hawakujua lolote. Danstan alisema aliuziwa. Edina alisema yeye ni wa nyaya tu. Zakayo alitazama viatu vyake.

"Daktari, pole sana," alisema Mzee Mligo, "lakini vioo hivi vimemwokoa mjukuu wangu. Siwezi kuving'oa."

"Basi kama vimemwokoa, vilikuwa vyangu," alisema daktari.

Salome alikuwa amekaa kizingitini na mtoto mapajani. Hakunyanyua sauti. "Mimi sidai kitu, Baba. Ila siku ile kiti cha nyuma kilikuwa kitupu."

Mtamba aliendelea kutafuna majani.

Sasa ni zamu yenu. Mafundi watatu, ukimtoa mmoja tu, mtoto hayupo. Wote waliiona namba, wote walinyamaza. Daktari alichangia bila kutaka, akalipia kwa mfupa wake. Mzee Mligo alibonyeza kwa ajili ya kioo, lakini alibonyeza. Na vioo je? Vikirudi kwa mwenyewe, yule mzee hatajifunza kugeuza shingo, namjua, na Salome hupita daraja lile kila wiki na mtoto. Vikibaki, daktari atarudi barabarani na kioo cha kujipodolea na mkono mmoja mzima. Mimi nimewadharau wote wanne, na dharau haijanisaidia kuamua.

Kamba ya mtamba nimeiweka mbele yako, na bisibisi ya kufungulia vioo iko pembeni yake. Wewe unaokota ipi, na unamkabidhi nani?