Ukuta Mbichi Siku ya Wakwe

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja mjane aliyengoja wakwe waje kumposa binti yake. Nyumba yake ilikuwa safi, ila ukuta wa sebuleni ulikuwa umeliwa na unyevu. Akawaza, wakiuona huu, posa itafia mlangoni.

Akamwita fundi rangi. Fundi akapaka rangi nyeupe ya mafuta, akaigongagonga kwa sponji, kisha akachovya unyoya wa kuku kwenye rangi ya kijivu na kuchora michirizi myembamba. Ukuta ukawa kama jiwe la marumaru.

"Mama, hapa hata mimi nadanganyika," fundi akacheka. "Lakini kwa mvua hii haujakauka. Mtu asiguse."

Wakwe wakafika mapema. Si mnajua mgeni akifika huvua viatu? Mama wa kijana, magoti yakimsumbua, akainama kuvua vyake, akaegemea ukuta. Kiganja kizima! Alipokiinua, marumaru ikaja nacho, na ule weusi wa unyevu ukachungulia.

Mwenye nyumba akajiziba mdomo kwa kanga.

Mgeni akatazama mkono wake, akatazama ukuta. Akaangua kicheko.

"Mwenzangu, fundi wako ni nani? Mimi mlango wangu ninaojidai nao kuwa ni wa mninga ni bati tupu, limechorwa tu michirizi ya mbao! Mkija kwetu msigonge kwa nguvu, bati litanisema!"

Wakacheka wote. Mwenye nyumba akacheka huku analia, akaleta mafuta ya taa na kitambaa, akamfuta mkwewe kidole kwa kidole. Posa ikazungumzwa hivyohivyo, mikono ikinuka mafuta ya taa.

Sasa niwaulize. Yule mgeni angeweza kufuta mkono, akasema "si neno," tukamsifu kwa adabu. Lakini mwenzake angebaki na aibu yake peke yake, sivyo? Yeye akaitoa ya kwake, akaiketisha karibu na ya mwenzake.

Sisi tunadhani tunapendwa kwa sababu rangi yetu imeshika vizuri. Jamani! Kuna aliyekwisha kuona chini ya rangi, na bado akaingia ndani, akaketi. Mungu ndiye wa kwanza. Wa pili unamjua mwenyewe. Huenda mmekaa benchi moja. Mgeukie sasa hivi, umwambie asante.