Bi Muhanga Aliyejenga Kwenda Chini

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya waliolala njaa? Paukwa, nasema!

— Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na mji wa wanyama, na jumbe wao alikuwa Twiga. Siku moja akaita watu wote. "Nimechoka kuinama kila nikitaka kusalimia mtu! Jengeni kwenda juu. Mvua za kwanza zikija, asiye na ghorofa atahama mji wangu."

Jamani! Kisa salamu!

Wakajenga. Nyani akapandisha, Tumbili akampita, Nyani akaongeza tena. Bi Muhanga, yule mnyama mla mchwa, mjane mwenye mtoto wa kunyonya, naye akajaribu, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Akajenga, ikaanguka. Akajenga, ikaanguka. Akajenga, ikamwangukia yeye mwenyewe.

Mnacheka? Haya, chekeni. Yeye alilia, kisha akafuta machozi akaanza kuchimba.

Tumbili akachungulia dirishani huko juu. "Shoga, chini wanakaa maiti!"

"Na juu wanakaa kunguru. Niache nichimbe."

Akachimba sebule, chini yake jiko, chini yake chumba cha mtoto. Mvua za kwanza zikaja na upepo wake. Nyumba za watu zikayumba, zikayumba, zikalala chini.

"Hodi!" Tumbili huyo. "Hodi!" Nyani huyo. "Hodi!" Jumbe Twiga, kichwa ndani, mwili nje unanyeshewa.

Wewe unayetaka kuuliza kama maji hayakuingia, nilikujua tu! Mlango aliuweka kwenye mwinuko. Umeridhika? Naendelea?

Siku ya kwanza wakala kumbikumbi wake. Siku ya pili wakala tena, na juu yake wakalalamika: mbona giza, mbona joto, mbona mtoto analia! Siku ya tatu Bi Muhanga akawatolea majembe.

"Ya nini haya?" akauliza Tumbili.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mtu achimbe chake."

"Hata mimi?" Twiga akang'aka. "Mimi jumbe!"

"Wewe ndiye mrefu, una kazi kuliko wote. Na kabla hujaanza, Jumbe, ile amri ya kunihamisha mimi na mwanangu?"

Twiga akasikia mvua inavyompiga mgongoni. Akameza mate, na mate yake yana safari ndefu.

"Amri gani tena, Bi Muhanga?"

Akapokea jembe, akainama.

Hadithi yangu imefika chini kabisa. Anayetaka zaidi achimbe mwenyewe; jembe lile pale mlangoni.