Kiatu cha Upande Mmoja

Mama mmoja aliyeitwa Naetwe alikuwa na shamba la mahindi mteremkoni, na mjukuu yatima aliyelala naye kitanda kimoja. Bwawa la kijiji lilikuwa dogo. Kila kiangazi lilikauka kabla mahindi hayajabeba. Basi wanakijiji wakaulizwa: tulipanue, au tuliache? Kila mtu mzima alipewa punje ya hindi na punje ya haragwe. Anayekubali atumbukize hindi mtungini, anayekataa atumbukize haragwe, na mdomo wa mtungi ulifunikwa kitambaa ili chaguo la mtu lisionekane.

Naetwe alikwisha kuamua. Hindi.

Lakini Kiangi, aliyeuza maji aliyoyabeba kwa punda kila bwawa lilipokauka, alisimama mbele ya watu siku ya kura akiwa na kiatu cha mtoto, cha upande mmoja, kimejaa tope. Hakugusia maji wala mahindi. Alisema tu kwamba ng'ambo ya mlima walipanua bwawa lao, likapasuka watu wamelala, na hicho ndicho kilichobaki. Kisha akakipitisha mkono kwa mkono. Kilipomfikia Naetwe alikipima kwa kiganja, akaona kingemtosha mjukuu wake. Ng'ambo ya mlima ni mwendo wa asubuhi moja, na hakuna aliyesema twende tukaulize. Naetwe akatumbukiza haragwe. Hindi akalifunga pindoni mwa khanga yake ya kutokea. Wengi walifanya kama yeye, na bwawa likabaki lilivyo.

Kiangazi kikaja na ukali wake, mahindi yakanyauka yakiwa machanga. Naetwe akajifunga khanga ile ile, akaenda na ndoo kwa Kiangi kutafuta maji. Pale kizingitini akakuta kiatu. Cha upande wa pili. Alikitazama mpaka ndoo ikamponyoka.

"Ni cha binti yangu yule, bibi," mke wa Kiangi alisema, akimwonyesha mtoto aliyecheza pekupeku uani. "Kile kingine baba yake alikwenda nacho mkutanoni, hakukirudisha."

Vidole vya Naetwe vilipapasa pindo la khanga mpaka fundo likafunguka, na punje ya hindi ikaanguka miguuni pake, kavu, nzima.

Nanyi mnaonisikiliza, niambieni: siku ile mkono ulipoingia chini ya kitambaa, aliyepiga kura alikuwa Naetwe, au kile kiatu?