Maji Aliyopewa Mkwe

Mtu mmoja alikuwa na kiwanda cha ngozi kando ya mto, na jina lake Kihwelo. Msidhani kilikuwa na mitambo mikubwa. Kilikuwa na mashimo kumi na mawili ya saruji, paa la bati, na wafanyakazi tisa wenye mabuti ya mpira. Ngozi mbichi zililowekwa kwenye chokaa mpaka nywele zikanyonyoka, zikakwanguliwa nyama na mafuta, kisha zikalazwa majuma kadhaa katika maji ya magome ya miti mpaka zikawa nyekundu na imara. Zilitoka ngozi nzuri, sitaki kumnyima haki yake. Mafundi viatu wa wilaya tatu walimfuata yeye.

Lakini ngozi haisafiki hivi hivi, uchafu wake lazima uende mahali. Kila jioni wale wafanyakazi walizibua mashimo, na maji mazito yenye nywele na mafuta na chokaa yakateremka mtoni yakinuka kiasi kwamba hata mbwa waligeuza njia. Miaka kumi na mmoja, kila jioni. Bwana afya alimshauri achimbe mabwawa ya kutuliza uchafu kabla haujafika mtoni. Kihwelo akapiga hesabu kichwani, akaona yatamla robo ya faida yake, akacheka. Mto unabeba bure, alisema, sasa yeye alipe ili iweje? Watu wa kijiji cha chini ya mto nao walimtuma mjumbe, mara moja tu. Mjumbe akapewa jibu hilo hilo pamoja na kipande cha ngozi cha kushonea mkanda, akarudi kwao.

Kati ya kiwanda na kijiji hicho palikuwa na kinamasi kipana kilichojaa mafunjo na matete. Kihwelo alikiona ni ardhi inayolala bure. Akaomba kibali cha kuchimba mfereji ulionyooka upite katikati yake, mto uende zake moja kwa moja, kinamasi kikauke, naye apande miti ya magome. Kibali akakipata. Akaelewana na vibarua waanze kazi Jumatatu.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo ikaja habari njema. Binti yake Atukuzwe, aliyekuwa ameolewa kijiji cha chini yapata mwaka na nusu, amejifungua mtoto wa kiume. Kihwelo akavaa koti lake la sherehe, akabeba zawadi, akaenda. Alikuwa na furaha tele, mpaka alipokaribia nyumba za kwanza na kukutana na wanawake wenye ndoo vichwani wakitoka mtoni. Hapo akapunguza mwendo. Kijiji hakikuwa na bomba. Binti yake mwenyewe, wa kumzaa, alikuwa akinywa nini siku zote hizi? Hakuwahi kujiuliza, jamani. Mwaka na nusu!

Alipokelewa kwa vigelegele. Mama Lusungu, aliyekuwa mama wa mume wa Atukuzwe, akapiga magoti na kumpa kikombe cha maji kwa mikono miwili. Na kwao, mkwe akikataa maji ya kwanza amekataa nyumba nzima. Kihwelo akakishika kikombe. Kwa mlango uliokuwa wazi alimwona binti yake akimwogesha mtoto kwenye beseni, akimmwagia maji kichwani kwa kiganja, na matone yakamwingia mtoto mdomoni. Yale mashimo kumi na mawili yakamjia yote mbele ya macho, na nywele zake, na mafuta yake. Akafumba macho akanywa.

Yalikuwa matamu. Ya baridi, mepesi, hayana harufu hata chembe. Akayamaliza yote, akashusha pumzi, akauliza kisima hicho wamekichimba wapi.

Mama Lusungu akasema kwa upole, "Kisima hatuna, mkwe. Ni mto ule ule wa kwako."

Kihwelo hakuamini. Akamwomba mkwewe Lusungu, mume wa Atukuzwe, ampeleke akaone, wakapanda pamoja kando ya mto mpaka juu ya kinamasi. Pale yalipoingia, maji yalikuwa yake kabisa. Yalikuwa ya kahawia, na mapovu, na nywele zimenasa kwenye mashina ya mafunjo, akazitambua kuwa ni za ng'ombe wekundu ambao alinunua ngozi zao juma lililopita. Akaanza kuteremka polepole ukingoni. Kila baada ya hatua mia alichutama, akachota kwa kiganja, akanusa. Mara ya kwanza alitapika. Mara ya tatu harufu ilikuwa ya tope tu. Maji yalienda taratibu mno, yakapita shina hadi shina, mzizi hadi mzizi, na kila mzizi ulishika kidogo. Mara ya sita aliwaona vyura. Na pale chini, maji yalipokusanyika tena kuwa mto, alitia mkono mpaka kiwiko akaweza kuhesabu kucha zake. Akasimama. Mwili ukamsisimka. Alikuwa mtu mzima, ameishi karibu na mahali hapo maisha yake yote, na hakuwahi kuona jambo kubwa kama lile.

Kisha akasikia sauti za watu. Ndani ya mafunjo walikuwamo watu kama thelathini, maji yamewafika mapajani, wanafyeka kwa mundu na kusomba tope jeusi kwa vikapu hadi nchi kavu. Lusungu akamweleza. Mafunjo yaliyozeeka yasipokatwa huoza na kuurudisha uchafu wote majini. Kwa hiyo kila nyumba hutoa mtu mmoja siku moja kwa juma, tangu mwaka ule mjumbe aliporudi na kipande chake cha ngozi. Mama Lusungu ana vidonda vya miguu visivyopona kwa sababu ya kazi hiyo. Hata Atukuzwe alifyeka, mpaka mimba ilipofika mwezi wa saba. Na baada ya ndoa kijiji kizima kilikubaliana kunyamaza, kwa sababu si heshima kumwaibisha mkwe.

Kihwelo akavua viatu. Ilimjia hivyo tu, kwamba pale hapafai kukanyagwa na viatu. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Miaka kumi na mmoja alisema ni bure, kumbe alikuwa analipiwa, na waliomlipia ni wale wale aliowachafulia. Akamweleza Lusungu habari za Jumatatu na mfereji. Yule kijana akakaa chini kwenye majani.

Mfereji haukuchimbwa. Vibarua walipofika, Kihwelo aliwachimbisha mabwawa matatu chini ya kiwanda chake, na kweli yalimla robo ya faida, kama alivyokisia. Akapandisha bei ya ngozi, mafundi viatu wakanung'unika, kisha wakazoea. Na kila Ijumaa huteremka na mundu wake, huingia majini nyuma ya mama Lusungu, hufyeka mpaka mgongo umuume. Hakuna anayemshukuru, na yeye hatarajii.

Nawe unayenisikiliza, kile unachokimwaga kila siku na kukisahau, ni nani aliyeingia majini mpaka mapajani ili kisimfikie mjukuu wako mdomoni?