Bi Pimbi na Mkutano wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kugombana nao, kijiji cha Mwambani kilikuwa na bwawa moja tu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Kiboko.

Lo! Mikutano yake! Aliiita saa sita mchana, jua la utosi, juu ya mwamba usio na kivuli. Mdogo akinyoosha mkono, Kiboko hunguruma, "Kaa chini! Kinyama kidogo kama wewe kina nini cha kusema?"

Wanyama wakachoka, wakaacha kwenda. Basi mambo yakawa yanaamuliwa na wawili, Kiboko na katibu wake Nyati.

Siku moja Bi Pimbi alikwenda kuchota maji, akakuta bwawa limezungushiwa miiba.

"Katibu! Miiba hii ya nini?"

"Boma la Mwenyekiti. Mkutano ujao ukipitisha, bwawa ni lake."

"Na sisi je?"

"Asiyekuja mkutanoni amekubali," Nyati akajibu, huku akicheua.

Bi Pimbi akarudi na mtungi mtupu. Watoto wake wanne walikuwa mlangoni, midomo imewakauka. Hasira zikampanda, na hofu nayo ikamshika. Yeye, mnyama wa kuenea kikapuni, angemfanya nini Kiboko?

Akaenda kwa Kobe. "Babu, twende mkutanoni."

"Mjukuu wangu, nimekwenda mara tatu. Natembea kutwa, nikifika nakatwa kauli. Nifuate nini?"

"Na kama hukatwi?"

"Hapo nitaanza safari leo hii!"

Kanga alisema vivyo hivyo. Nungunungu pia. Bi Pimbi akawaza, kisha huyoo! mbio hadi kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mwenyekiti! Kijiji kizima kina neno moyoni juu yako, ila kinaona haya kulisema."

Kiboko akatuna. "Neno? Juu yangu mimi?"

"Wewe hasa! Ita mkutano asubuhi, penye kivuli. Tena piga marufuku kumkata msemaji. Neno zito halitaki haraka."

Kiboko alikwisha kuzisikia sifa masikioni. "Nyati! Piga ngoma!"

Ti! Ti! Tindindi!

Bi Pimbi akapita nyumba hadi nyumba. "Safari hii hamkatwi. Taja jina lako, sema neno lako."

Asubuhi walijaa hadi vichakani. Kiboko akatangaza, "Kila mmoja atasema! Atakayemkata mwenzake atahama kijiji mwezi mzima!"

Kobe akasimama, akatoa shingo. "Mimi Kobe. Bwawa ni letu sote."

Kiboko akafungua kinywa, kipana kama mlango. Wote wakamgeukia. Akakifunga. Pwa!

"Mimi Kanga. Ng'oeni miiba!"

"Mimi Nungunungu. Ing'olewe leo!"

Wakapokezana hivyo hivyo, mpaka Nyati mwenyewe akakohoa. "Mimi Nyati... hata wanangu wanakunywa pale."

Wakapiga kura kwa mikono. Upande wa Kiboko ulikuwa na Kiboko peke yake. Kabla ya adhuhuri miiba yote ilikuwa imeng'olewa. Kiboko akatumbukia majini, chubwi! akabakiza pua tu.

Na Kobe? Kobe alikuwa bado anaongea. "Mkutano mwingine lini? Nina neno kuhusu njia ya sokoni!"

Bi Pimbi akacheka hadi machozi, akajaza mtungi wake pomoni.

Hadithi yangu naitua hapa, nanyi shikeni hili: ukiacha nafasi yako mkutanoni, ataikalia anayekudhulumu.