Siku Panya Walipokufa Wenyewe

Isome hii taratibu, hasa kama nyumbani kwako kuna ghala la mahindi, kisha mpe na jirani yako aisome.

Katika kijiji kimoja cha milimani aliishi mkulima aitwaye Shemweta pamoja na mkewe Hidaya. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa, wakabaki wao wawili, mahindi yao, maharage yao. Na panya.

Panya wa nyumba ile hawakuwa na adabu. Walitoboa magunia, walikula mbegu, walizalia ndani ya godoro. Kule darini walikimbizana kama watu wanaohama. Shemweta alijaribu kila alichoweza, na mwisho akabakiza dua tu. Kila baada ya swala alimwomba Mola jambo moja: "Niondolee hawa viumbe, mimi nimeshindwa."

Siku moja akaja mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa buti, na mgongoni alibeba mitego ya bati. Akajitambulisha kuwa anaitwa Atuganile, mtaalamu wa magonjwa ya wanyama, na akaomba ruhusa ya kutega panya mle ndani.

Shemweta nusura amkumbatie. "Karibu sana, mama! Tega hata chini ya kitanda changu."

Kesho yake asubuhi mitego ilikuwa imejaa. Shemweta akavuta kigoda, akakaa uani kushuhudia adui zake wakiangamizwa. Alichokiona kilimvuruga kichwa.

Bi Atuganile alivaa glavu, akamlaza panya wa kwanza kwa dawa ya usingizi. Akamweka juu ya sinia jeupe, akatoa kitana, akaanza kumchana manyoya. Alimchana polepole, kama mama anayemwandaa binti yake kwenda shule. Viroboto wakadondoka kwenye sinia, akawaokota mmoja mmoja na kuwatia kwenye kichupa. Akachukua na tone la damu. Kisha akambana panya yule kibati chenye namba sikioni, akangoja azinduke, akamwachia. Panya akakimbilia moja kwa moja darini.

Shemweta akasimama. "Mama, samahani. Umemkamata mwizi wangu, umemchana nywele, umemvika hereni, halafu umemrudisha nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, baba."

"Kwani anaumwa?"

"Kwa macho ni mzima kabisa."

"Sasa mbona unampima mzima? Sisi huku tunapima mgonjwa."

"Ndiyo maana nimekuja mapema, baba. Nikingoja waugue nitakuwa nimechelewa."

Shemweta akamtazama mkewe. Hidaya akapandisha mabega. Bi Atuganile akaanza kueleza habari za viroboto, wanakula nini na wanahama vipi, lakini Shemweta hakumsikiliza. Macho yake yalikuwa darini, alikopotelea yule panya wa hereni.

Kabla ya kuondoka, mgeni aliandika namba yake ya simu kwa chaki nyuma ya mlango.

"Naomba jambo moja tu," alisema. "Mkiona panya wanakufa wenyewe, bila sumu, bila mtego, bila paka, msiwaguse. Nipigieni siku hiyohiyo."

Shemweta akacheka hadi akakohoa. "Mama, panya wakifa wenyewe, siku hiyo mimi nachinja jogoo!"

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Shemweta akamkuta panya amelala kizingitini, miguu juu. Alidhani amelala kweli, akamsukuma kwa ncha ya kandambili. Alikuwa amekufa. Siku iliyofuata wakawa watano. Siku ya tatu hakuwahesabu tena, aliwazoa kwa mkia na kuwatia ndooni, akaenda kuwatupa shimoni huku akipiga mluzi. Darini kukawa kimya, kimya ambacho hakuwa amekisikia tangu alipoijenga nyumba ile.

Jogoo akachinjwa. Majirani wakaja wakala, wakamsifu kwa dua zake.

Hidaya peke yake ndiye aliyekaa na kipande cha nyama mkononi bila kukila.

"Mume wangu," alisema wageni walipoondoka, "sumu hatukuweka. Paka hatuna. Nini kimewaua?"

"Dua."

"Yule mama alisema tumpigie."

"Tumpigie ili alete wengine? Wewe hukumwona anavyowapenda?"

Hidaya akaondoa vyombo. Lakini siku ya tano, Shemweta alipoamka analalamika kichwa na baridi, Hidaya alinakili ile namba ya mlangoni kwenye kipande cha karatasi, akapanda kilimani kwenye mtandao.

Alirudi mbio, khanga mkononi.

"Amesema tutoke ndani sasa hivi! Tusibebe hata shuka. Tusiguse panya hata mmoja. Anakuja."

Shemweta alikuwa amejikunyata kitandani. Akainua kichwa kwa shida, amechanganyikiwa.

"Hidaya, hebu nieleweshe. Panya walipokuwa wazima tulilala humu miaka yote. Leo wamekufa, ndiyo tutoke?"

"Sijui, mume wangu. Toka tu."

Alitoka kwa kushikiliwa. Jua lilikuwa kali, naye anatetemeka. Kinena kilimuuma, na alipojipapasa akakuta uvimbe mkubwa kama yai la kuku. Akajisemea labda ni zile kuni alizobeba juzi.

Mchana gari likafika. Bi Atuganile aliteremka pamoja na tabibu wa kituo cha afya. Shemweta, kichwa kikimzunguka kwa homa, alimwona yule mama akiipita ndoo ya panya waliookotwa jana yake kana kwamba haioni. Badala yake alikwenda kunyunyiza unga mweupe kwenye matundu matupu, chini ya kitanda kitupu, pembezoni mwa magunia.

"Mama," alinong'ona Shemweta, "panya wako huku. Huko hakuna kitu."

"Huko ndiko kwenye kitu, baba," alijibu bila kugeuka.

Tabibu alimwinua kidogo, akamtazama kinena, akamwuliza panya walianza kufa lini. Kisha akatamka neno ambalo Shemweta alilisikia mara ya mwisho kwa bibi yake, naye bibi alilitamka kwa sauti ya chini.

"Tauni."

Hakukuwa na kubahatisha. Shemweta alichomwa sindano ya kwanza palepale, kabla hajapandishwa garini. Hidaya alipewa vidonge, na majirani wote waliofika pale kula jogoo wakapewa. Nyumba zote za kitongoji zikanyunyiziwa unga ule.

Siku mbili pale kituoni Shemweta hakujua yuko wapi. Watoto wake waliokuja kumwona aliwaita kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Siku ya tatu homa ikashuka, akaomba uji.

Bi Atuganile alipokuja kumjulia hali, alimkuta ameketi kitandani, mkewe pembeni.

"Mama," alisema Shemweta, "sasa nakusikiliza. Nieleze."

"Ugonjwa huu unakaa kwa panya, baba, na ndio uliowaua wale wako; anayeubeba ni kiroboto. Panya akiwa hai, kiroboto hana shida na wewe. Panya akifa, damu yake inapoa, na kiroboto hanywi damu iliyopoa. Anashuka kutafuta mwenye joto. Aliyekuwa karibu ni wewe. Kwa hiyo kwa unga ule tunaua viroboto kwanza, panya baadaye. Wale ninaowatega nawapima ili nijue ugonjwa umefika wapi kabla haujawafikia watu. Lakini mimi ni mmoja na milima ni mingi. Siwezi kukaa kila nyumba."

Shemweta alisikiliza mpaka mwisho. Jambo moja lilikuwa bado halijamkaa sawa. Akamgeukia mkewe.

"Hidaya, kumbe wewe siku ile ulielewa yote haya alipoeleza? Mbona hukuniambia?"

Hidaya akatikisa kichwa.

"Sikuelewa hata neno moja. Mpaka nilipokuwa nampigia simu nilikuwa sielewi. Ila mtu alitoka mbali akatuomba jambo moja, na halikuwa gumu. Nikaona nilifanye."

Tabibu, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akasema polepole, "Angelifanya kesho yake, mzee, leo tusingekuwa tunazungumza nawe."

Shemweta akaushika mkono wa mkewe, wala hakuona haya mbele ya watu.

Funzo: Kero ikitoweka ghafla bila wewe kujua sababu, uliza kwanza imeondolewa na nini, ndipo ufurahi. Na usingoje kuelewa kila kitu ndipo utoe taarifa, kwa sababu unachokiona wewe nyumbani kwako ndicho anachokihitaji anayejua ili akuokoe.